Mkutano wa kartie si wa wazee watano tu

Bwana Mhariri,

Wakaaji wengi wa Lubumbashi tunalalamika kwenye foleni ya maji, kwenye taksi, hata nje ya kanisa. Lakini shefu wa kartie (yaani mtaa) akiita mkutano, wanafika wazee watano na mwanamke mmoja aliyetumwa na mumewe. Mtaro wa barabara yetu umejaa chupa za plastiki na mchanga, mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka chini ya vitanda, na kila mmoja anangoja jirani aseme.

Wakati mwingine kosa si la wakaaji. Mkutano unaitwa Jumanne saa nne asubuhi, wakati mama wa soko yuko mezani pake na vijana wako kazini. Nani atakuja? Uitwe Jumapili saa kumi, na yaliyokubaliwa yabandikwe mlangoni kwa shefu.

Tukumbuke pia kwamba, kwa sheria ya 2008 ya ugatuzi, kartie haina mamlaka yake ya kujitawala wala bajeti yake. Komine, yaani manispaa iliyo juu ya kartie, ndiyo inayo. Kumkaripia shefu tu hakuzibui mtaro; barua yenye saini za wakaaji inapaswa kufika kwa burgumestre, mkuu wa komine, na nakala kwa madiwani wa komine tuliowapigia kura mnamo Desemba 2023. Wengi wetu hata majina yao hatuyajui (nao, nadhani, hawana haraka ya kujulikana).

Mvua zinaanza hivi karibuni. Mkutano uitwe kabla yake.

Mkaaji wa Katuba,
Lubumbashi