Mifupa yetu wagonjwa wa tezi dume nayo ihesabiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo wazee wengi wa huku Tabora tunatembea nalo kimya kimya. Mimi ni mstaafu wa reli, nina umri wa miaka 71, nakaa Ng'ambo. Mwezi Machi, alfajiri, nilikuwa natoka kutawadha, nikateleza kizingitini na kujikinga kwa mkono wa kushoto. Mjukuu wangu wa darasa la tatu huanguka hivyo mara nne kwa siku akicheza mpira, anajikung'uta vumbi na kuendelea. Mimi kifundo cha mkono kilivunjika. Nilisikia kinavyolia, mlio mkavu, kama mti wa muhogo uliokaa juani.

Nilipopelekwa kufungwa hogo, daktari kijana aliyekuwa zamu aliishika ile picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Shikamoo tena mzee wangu, hivi unatumia dawa gani?" Nikamjibu kwamba nina saratani ya tezi dume, nachomwa sindano ya homoni tumboni kila baada ya miezi mitatu, na nimeshachomwa saba. Akaniambia kwa upole, "Sindano hiyo inakusaidia sana baba, usiiache. Lakini inamaliza mifupa." Karibu miaka miwili nilikuwa nachomwa, na siku hiyo ndiyo kwanza nasikia.

Sindano yenyewe siilaumu hata kidogo. Kabla ya kuanza nilikuwa siwezi kulala kwa maumivu ya nyonga, na kipimo changu cha PSA, kile cha damu kinachofuatilia tezi dume, kilikuwa juu mno. Leo naenda msikitini kwa miguu. Kinachoniuma ni kule kutoambiwa.

Nina binti mfamasia huko Dodoma. Jioni nyingi, mkono ukiwa kwenye hogo, alinisomea kwa simu na kunifafanulia. Mwaka 1941 daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba saratani ya tezi dume inalishwa na homoni ya kiume, testosteroni, na ukiizima homoni hiyo uvimbe unasinyaa. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966, na sindano ninazochomwa zimetoka katika mzizi huo. Lililonishangaza ni hili: mwili wa mwanamume huchukua sehemu ya testosteroni na kuigeuza estrojeni, homoni tunayoiita ya kike, na hiyo estrojeni ndiyo mlinzi mkubwa wa mifupa yetu wanaume. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani waliandika habari za kijana wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuitumia estrojeni. Testosteroni alikuwa nayo ya kutosha, lakini alikuwa na urefu wa sentimita 204, bado anarefuka, na mifupa yake ilikuwa imepungua uzito kama ya mzee. Basi ukizima homoni ya kiume kwa sindano, ile ya pili nayo inakauka.

Mke wangu alikuwa ameshayajua haya kwa njia yake. Usiku mmoja wa Juni, baridi ya Tabora inauma, aliniona nimelowa jasho shuka zima. Akanifuta na kuniambia, "Mume wangu, joto hili ndilo lililonipata mimi hedhi ilipokoma." Ni kweli, ni jambo lile lile. Na akina mama wenye saratani ya matiti wanaopewa vidonge vya kuzuia estrojeni isitengenezwe, kama letrozoli na anastrozoli, wamo katika safari hii hii. Ninaye shemeji yangu Kigoma anayemeza mojawapo. Yeye naye hakuwahi kuulizwa habari za mifupa, mpaka nilipompigia mimi.

Huko Marekani wenzetu walihesabu. Utafiti uliotoka mwaka 2005 ulipitia kumbukumbu za wanaume 50,613 wenye saratani ya tezi dume. Kati ya walioishi angalau miaka mitano baada ya kugunduliwa, waliotibiwa kwa kuzima homoni asilimia 19.4 walivunjika mfupa, na ambao hawakutibiwa hivyo ni asilimia 12.6. Miaka minne baadaye ukatoka utafiti wa dawa ya kulinda mifupa iitwayo denosumabu kwa wanaume 1,468 wa hali kama yangu: katika miaka mitatu, waliopata mvunjiko mpya wa pingili za uti wa mgongo walikuwa asilimia 1.5 kwa waliochomwa dawa hiyo, na asilimia 3.9 kwa wasioipata. Maana yake hatari inajulikana na kinga ipo. Lakini wazee wale si wa Sikonge wala Uvinza huku kwetu.

Nikisema hivi huwa naambiwa kwamba mifupa ya mtu mweusi ni mizito, tusihangaike. Ni kweli kwamba Wamarekani weusi wakipimwa, kwa wastani mifupa yao ni mizito kuliko ya wazungu wa huko. Je, mtu aliyekulia Chicago na mtu aliyekula ugali wa mtama na kisamvu tangu utotoni ni mwili mmoja? Jibu nimelipata Gambia. Katika kijiji cha Keneba, watafiti wamekaa miongo mingi wakifuatilia afya za wanakijiji. Akina mama wa pale hupata kalsiamu kidogo sana katika chakula, lakini kuvunjika mifupa si jambo la kawaida kwao. Watafiti wakawapa baadhi yao kalsiamu nyingi wakati wa ujauzito, miligramu 1,500 kwa siku, wakitarajia mifupa iimarike. Ikawa kinyume: wakati wa kunyonyesha, waliopewa kalsiamu ndio waliopoteza madini mengi zaidi ya mifupa kuliko wenzao. Bila kupimwa pale pale kijijini, nani angelijua hilo? Angetokea mtu mwenye nia njema akagawa vidonge nchi nzima.

Kipimo kamili cha uzito wa mifupa nilielekezwa nikakifanye Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa reli. Sikwenda. Nauli, mahali pa kufikia, na mkono wenyewe mmoja. Siombi mashine hiyo iletwe kesho, najua bei za mashine. Naomba kitu cha daftari.

Kazini nilikuwa mkaguzi wa mabehewa. Treni ya Kigoma au ya Mwanza ikisimama hapa stesheni, nilipita na nyundo yangu nikigonga gurudumu moja moja. Gurudumu zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Nikilipata, naandika: namba ya behewa, upande, tarehe. Baada ya miaka daftari lile lilikuwa linatuambia mabehewa yapi yanachoka na njia ipi inayachosha, kabla hayajaua mtu.

Madaktari wana hesabu inayoitwa FRAX, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 2008. Inauliza umri, uzito, urefu, kama umewahi kuvunjika, kama mzazi wako alivunjika nyonga, kama unavuta sigara (na huku kwetu kwenye tumbaku swali hilo lina uzito wake). Inakupa makadirio ya hatari ya kuvunjika mfupa hata kama hujapimwa kwa mashine. Lakini hesabu hiyo hujengwa juu ya takwimu za kila nchi: watu wangapi wamevunjika, wa umri gani. Takwimu hizo zinaanzia kwenye chumba kile kile nilikofungiwa hogo.

Kwa hiyo, kwa wizara, kwa watafiti wetu na kwa vyuo vya udaktari: kila mtu aliyevuka miaka 50 akifika hospitali za mikoa hii miwili, Tabora na Kigoma, akiwa amevunjika kifundo cha mkono, nyonga au uti wa mgongo kwa kuanguka kidogo tu, aandikwe. Aulizwe kama anatumia dawa ya kuzima homoni, na kwa muda gani. Na anayeanza sindano au vidonge hivyo aambiwe habari za mifupa siku ya kwanza, kwa Kiswahili, mwenzi wake akiwepo.

Mimi nipo tayari kuwa mstari wa kwanza: mwanamume, miaka 71, kifundo cha mkono wa kushoto, sindano saba.

Mstaafu wa reli,
Ng'ambo, Tabora