Mhudumu aliyehitimu uuguzi abadilishiwe kada

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kero ya wahudumu wa afya katika zahanati za mkoa wetu wa Tabora, hususan vijijini Uyui, Sikonge na Kaliua, ambako mara nyingi mhudumu ndiye anayefungua mlango asubuhi, kuchemsha vifaa, kupima uzito wa watoto siku ya kliniki na kummulikia muuguzi tochi mama anapojifungua usiku umeme umekatika.

Baadhi yao hujiendeleza kwa shida kubwa. Asiyefaulu Kemia au Biolojia hurudia mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, kisha huomba chuo, pengine Nkinga au Ndala, na akipata ruhusa ya mwajiri husoma stashahada ya uuguzi kwa miaka 3, huku ada ikitokana na mkopo wa saccos au mpunga uliouzwa kabla ya bei kupanda.

Tatizo huanza akisharudi. Cheti anacho, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga anayo, lakini kwenye orodha ya mishahara angali mhudumu, kwa kuwa kubadilishiwa kada kunahitaji nafasi katika ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na fedha katika bajeti, na mara nyingi hakuna aliyemwombea nafasi hiyo alipokuwa masomoni. Namfahamu mmoja anayeshika zamu ya wodi ya wazazi kama muuguzi kamili, ilhali hati yake ya mshahara ni ileile ya zamani. Kila akiuliza huambiwa asubiri bajeti ijayo. Sioni ugumu uko wapi, maana mwaka wa kuhitimu hujulikana tangu siku ruhusa ya masomo inaposainiwa, na siku hiyohiyo nafasi yake ingeweza kuingizwa kwenye makadirio.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka 5. Hao nao watataka kupanda, na foleni itazidi kurefuka.

Kwa kuanzia, maofisa utumishi wa halmashauri wabandike kwenye mbao za matangazo orodha ya wahitimu wanaosubiri, pamoja na tarehe kila mmoja aliyowasilisha cheti chake, ili madiwani waiulizie kabla bajeti haijapitishwa.

Msomaji wako,
Tabora