Mnara wa mtambo ufunguliwe, vijazo vikaguliwe

Mhariri,

Kila habari za pombe kali zinapochapishwa nchini, mjadala huishia kwenye lebo, bei na saa za kufungua baa, ilhali ndani ya mtambo wenyewe wa kukeneka, yaani wa kuchemsha pombe na kuupoza mvuke wake uwe kinywaji kikali zaidi, hakuna anayechungulia. Tangu sheria ya vileo ya mwaka 2010 ilipofuta marufuku ya chang'aa, mwenye leseni anaruhusiwa kuikeneka hapa Kenya. Na huko New Zealand, tangu 1996 mtu anaweza kukeneka nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe mradi asiuze. Kote kuwili ningependa kuuliza jambo moja: ule mnara unaosimama juu ya pipa, ambamo mvuke hupanda na sehemu yake ikarudi chini kama matone, umejazwa nini, yaani vijazo vyake ni vya kitu gani?

Wanafunzi wa shule za upili huuona mnara huo maabarani, ukiwa na gololi ndogo za kioo. Mvuke huzigusa, hupoa na kuwa matone, matone hayo hupashwa moto na mvuke unaofuata, na kila mara alkoholi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, hutangulia juu huku maji mengi yakirudi. Gololi zinatosha kwa somo, lakini kwa uzito wake wote eneo la kugusana na mvuke ni dogo. Pete za kauri alizobuni mkemia Mjerumani Friedrich Raschig ni afadhali, mradi ukubwa wa pete usizidi sehemu moja ya nane ya kipenyo cha mnara, yaani milimita 6 hivi kwa mnara wa milimita 50.

Mimi naitanguliza shaba. Wavu wa shaba ulioviringishwa bila kukazwa una eneo kubwa na uwazi mwingi, na tena shaba hunasa misombo ya salfa inayotoka kwenye chachu, ile yenye harufu ya mayai viza. Ndiyo sababu wavu ulioingia safi na mwekundu hutoka umefifia na kushika weusi, na kwa hiyo ni lazima usafishwe mara kwa mara na hatimaye ubadilishwe.

Chuma halisi kisichoshika kutu ni salama na hudumu, ingawa salfa hakiishughulikii. Tatizo ni nyavu za kusugulia sufuria zinazouzwa sokoni, kwani baadhi yake ni chuma cha kawaida kilichopakwa madini mengine juu. Sumaku pekee haitoshi kuzitambua, maana kuna aina za chuma kisichoshika kutu ambazo nazo huvutwa. Ziloweke usiku kucha katika maji ya chumvi na siki. Zikitoa kutu, zibaki jikoni. Plastiki, sponji na chochote kilichopakwa zinki visiingie kabisa, wala viungo vya mnara visichomelewe kwa lehemu yenye risasi, kwa kuwa risasi huingia katika kinywaji na kujilimbikiza mwilini.

Hata kijazo kizuri kikishindiliwa ni hatari. Matone hukosa njia ya kushuka, mnara hufurika, shinikizo hupanda ndani ya pipa na mvuke unaowaka upesi hutafuta upenyo kwenye viungo, mara nyingi hatua chache tu kutoka motoni.

Naomba pia isidhaniwe kwamba vijazo bora vitaokoa kinywaji kilichotiwa methanoli ya viwandani, kama ile iliyoua makumi ya watu nchini mwetu Mei 2014. Methanoli ikishachanganyika na alkoholi ya kunywa, mnara mdogo hauwezi kuaminiwa kuitoa yote. Hilo ni la polisi na mahakama. La wakaguzi wa leseni ni kuufungua mnara, kutoa kilichomo, kukipima na kuandika katika ripoti ni cha madini gani, kabla kibali hakijatolewa na kila kinapohuishwa.

Mwalimu wa kemia,
Kakamega