Harambee ya kiwanja cha watoto wa awali, kama huna hela njoo na kamba

Habari zenu wazazi, walezi na majirani wa huku Ujiji, na nyie mliohamia Dar na Mwanza ila hapa ndo kwenu.

Naandika kwa niaba ya kamati ya wazazi. Tunatafuta 640,000 tutengeneze kiwanja cha michezo cha darasa la awali, na najua kuna mtu ashaanza kusema aah watoto si wanacheza tu nyumbani, hela ya nini. Haya, sikia.

Mwanangu wa mwisho ana miaka 5, alikuwa akishika penseli anaikaba kama anavuta mtumbwi, ncha inavunjika, analia. Mimi nilitaka aongezewe kuandika, mwalimu akakataa, akamtoa nje akamfundisha mdako kwa mise, zile kokwa za mchikichi, unarusha moja juu na kabla haijashuka ushachota zingine kwenye kashimo, afu unaidaka. Siku nyingine anawatembeza kama kaa, mikono na miguu chini, tumbo juu, wanacheka mpaka wanaanguka. Muhula haujaisha dogo anaandika jina lake, herufi zimelala kidogo lakini zinasomeka! Mwalimu anasema mkono wa kuandika unaanzia mgongoni na begani, hapo pakilegea vidole vinachoka mapema, na bega halikazwi kwa kukaa kwenye mkeka asubuhi nzima mnaimba a e i o u.

Hata Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa miaka 3 na 4 achangamshe mwili angalau dakika 180 kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka mpaka aheme. Wa kwetu wengine ndo hao, wana miaka 4, wanafuata dada zao.

Shida ni kiwanja. Mvua imechimba korongo katikati, upande wa pili ni barabara, yaani wakicheza rede mpira unaporomoka hadi kwenye bodaboda na mtoto nyuma yake.

Hela inaenda hivi: kifusi na mchanga tripu 4 ni 280,000, uzio wa upande wa barabara 170,000, mbao na fundi wa kutengeneza boriti za kutembelea juu 150,000, mipira na chokaa ya kuchora viboksi vya kuruka 40,000. Tairi za kutambaa ndani hatununui, wenye gereji mnazo zimewajazia uwanja tu, na wavuvi kamba zilizochakaa msitupe, watoto watarukia.

Buku mbili inapokelewa, laki pia hatukatai. Mpeni mwekahazina mkononi, jina linaandikwa kwenye daftari na daftari litabandikwa mlangoni kila mtu aone.

Kazi yenyewe ni Jumamosi hii saa 2 asubuhi, njooni na majembe, kina mama washasema chai na mihogo ipo. Mwenye toroli atuambie mapema, la shule lina pancha.