Kijana wa Mwanza, pima damu kabla ya kukata tiketi ya kwenda kwenye theluji

Mhariri,

Desemba inapokaribia, vijana wa hapa Mwanza wanaosafiri peke yao kwenda miji ya skii (mchezo wa kuteleza kwenye theluji), wengine kutembea, wengine kufanya kazi za msimu hotelini, huulizia kwanza koti. Koti ni shughuli ya siku moja sokoni. Kinachopaswa kutangulia ni kujua mji huo uko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, na damu yako ikoje.

Ziwa letu liko mita 1,134. Chamonix ya Ufaransa iko mita 1,035, yaani chini kuliko Kirumba. Zermatt ya Uswisi ni kama mita 1,600. Breckenridge, jimbo la Colorado nchini Marekani, ni kama mita 2,900, na hapo ni pa kulala tu. Lifti za skii hupanda hadi mita 3,900. Kuanzia kama mita 2,500 oksijeni inayofika mwilini hupungua kiasi cha kuweza kukuugua: kichwa kinagonga, chakula hakipandi, usingizi unakatika. Anayekwenda Breckenridge alale kwanza usiku mmoja au miwili Denver, mita 1,600, na siku ya kwanza juu asiguse skii wala pombe. Kichwa kikizidi kuuma, au ukianza kupepesuka, shuka saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Msafiri wa peke yake hana wa kumwona akipepesuka, basi amwombe mtu wa mapokezi amgongee mlango asubuhi.

Kwetu Kanda ya Ziwa kuna la ziada. Ukanda huu ni miongoni mwa maeneo yenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, kwa wingi nchini. Kwa mgonjwa, baridi na upungufu wa oksijeni vyote huamsha maumivu. Wengi hawajui kwamba hata mbebaji, yaani aliyerithi kinasaba kimoja tu cha ugonjwa huo na ni mzima wa afya, anaweza kudhurika huko juu: chembe nyekundu hupinda na kuziba mishipa ya bandama. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, na hapo ni kushuka na kwenda hospitali. Chamonix isikudanganye kwa kuwa chini. Gari la kebo la Aiguille du Midi hukupeleka mita 3,777 kwa dakika kama 20. Vipimo vipo hospitali ya Bugando. Baadhi ya vipimo vya haraka huonyesha tu kama selimundu ipo. Omba elektroforesisi ya himoglobini, ndiyo inayotenganisha mgonjwa na mbebaji. Tunawaomba mawakala wa safari waliulize jambo hili kabla hawajapokea nauli.

Sasa koti. Sokoni Mlango Mmoja makoti mazito ya mitumba hayana wagombeaji, kwa hiyo bei huzungumzika. Pamba ndiyo mali ya Usukumani, ila kwenye theluji iache nyumbani: ikilowa jasho haikauki, na nguo mbichi hunyonya joto la mwili. Chomoa uzi mmoja mshononi, uchome kwa kibiriti. Ukinuka karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba. Ukinuka nywele zilizoungua, ni sufu, chukua. Ukiyeyuka na kuwa kishanga kigumu, ni polista, nayo yafaa. Vaa tabaka tatu: nyembamba ya kufyonza jasho, ya sufu au manyoya ya polista (fleece), kisha ya nje isiyopitisha upepo wala maji. Buti ziwe na nafasi ya soksi nene, vidole vicheze. Buti ikibana, damu haifiki na ganzi huanza hapo. Tafiti za majeshi ya Uingereza na Marekani zimeonyesha kuwa askari weusi huumizwa na baridi kali zaidi ya wenzao weupe, na kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri. Angalia kidole kilichopauka kama jivu na kufa ganzi. Kipashe joto kwapani au kwa maji ya uvuguvugu. Usikisugue wala usikiweke motoni.

Chumba ni kigumu kuliko baridi. Wenye nyumba hupata zaidi kwa watalii wa wiki moja, hivyo mfanyakazi hubaki bila kitanda. Mkataba wa kazi uandike kitanda kiko wapi na kinakatwa kiasi gani. Usitume amana kwa mtu ambaye hujahakikisha kuwa chumba ni chake. Tafuta pia bondeni: wanaofanya kazi Zermatt hukaa hata Täsch, treni dakika 12. Na kumbuka, viza ya utalii haikuruhusu kufanya kazi.

Ukikodi skii utaulizwa kilo, kimo, umri na uzoefu. Usiongeze wala kupunguza kwa aibu. Fundi hutumia majibu hayo kurekebisha kishikio kinachofyatua buti unapoanguka. Kikikaza mno, goti ndilo linalolipa. Nje ya njia zilizowekewa alama usiende peke yako. Ulaya namba ya dharura ni 112.

La mwisho ni homa. Malaria uliyoondoka nayo Mwanza inaweza kuibuka wiki kadhaa baadaye, wakati mji mzima unakohoa mafua, na daktari wa kule haitamjia akilini. Homa ikikushika ndani ya miezi mitatu ya kwanza, mwambie kabla hajaanza kuandika dawa kwamba umetoka eneo la malaria na unataka damu ipimwe siku hiyo hiyo.

Wasomaji wako,
Kirumba, Mwanza