Baki Uione Ikihesabiwa

Hamburg, Novemba 2025

Mamangu mpenzi, na wewe mdogo wangu,

Shikamoo mama. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima, wasiwasi ni juu yenu tu. Baridi imeshaingia, saa kumi na moja jioni ni giza totoro, na kazi ya bandarini ni ile ile ya makontena.

Mdogo wangu, sauti uliyonitumia niliisikiliza kwenye treni. Wasema hujisajili kupiga kura kwa sababu "wenyewe washapanga", na kwamba Juni 2024 mliingia barabarani mkaona yaliyowapata. Sikulaumu. Niliwatazama kwenye simu mkipita Moi Avenue hapo Mombasa na makuti mikononi, moyo ukinienda mbio. Siku ya pili Rais Ruto akasema hatautia saini Mswada wa Fedha mliokuwa mkiupinga. Lakini Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuja kuhesabu watu 60 waliouawa nchini kwa maandamano yale, na hao hawarudishwi na mswada kurudishwa. Basi sikuandikii mahubiri ya "kura ni haki yako", hayo utayasikia redioni mpaka uchoke. Nataka tuzungumze yanayofanyika kura ikishaingia sandukuni, maana hapo ndipo mnapowaachia hao "wenyewe".

Huku nako si shwari. Januari 2024 waandishi walifichua mkutano wa siri karibu na Potsdam, ambamo wanasiasa wa AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, walikuwamo na yalizungumzwa mambo ya kufukuza kwa wingi watu wenye asili ya kigeni. Ndio sisi hao. Tarehe 19 watu walifurika kupinga hayo Jungfernstieg, kando ya ziwa katikati ya mji, polisi wakakisia 50,000, na ikabidi waandalizi wafunge mkutano kabla ya wakati kwa kuhofia watu kukanyagana. Nilikuwepo. Mwaka mmoja baadaye chama hicho kilipata asilimia 20.8 ya kura za bunge na kushika nafasi ya pili, kwa hivyo sitakudanganya kwamba maandamano humaliza kila kitu. Ila siku hiyo ya uchaguzi, 23 Februari 2025, walijitokeza asilimia 82.5 ya wapiga kura, wingi usioonekana tangu Ujerumani mbili ziungane 1990.

Mimi si raia wa hapa, sipigi kura yao. Lakini sheria yao yamruhusu mtu yeyote kuingia kituoni na kutazama kura zikihesabiwa, almuradi asisumbue. Saa kumi na mbili jioni, vituo vilipofungwa, nikaingia shule ya jirani. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Meza ziliunganishwa, sanduku likapinduliwa, karatasi zikamwagika. Wahesabuji walikuwa watu wa mtaa: mwalimu mstaafu, kijana wa chuo, mama mwenye duka la maua, wote wamejitolea Jumapili yao kwa kijisenti cha shukrani. Rundo moja likapungua karatasi moja. Yule mwalimu akasema lirudiwe lote. Wakarudia, kijana wa chuo akitazama saa kila mara, mpaka karatasi ikapatikana imejikunja ndani ya nyingine. Ndipo wakaandika. Mwaka 2009 mahakama yao ya katiba iliharamisha mashine za kupigia kura walizokuwa wakitumia, kwa hoja kwamba mwananchi asiye fundi wa chochote lazima aweze kukagua mwenyewe hatua muhimu za uchaguzi.

Kwetu mlango si mpana hivyo. Kukaa ndani wakati wa kuhesabu lazima uwe wakala wa chama au wa mgombea, au mwangalizi au mwandishi mwenye kibali. Lakini fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, hubandikwa nje, na 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema matokeo ya kituoni ndiyo ya mwisho, hakuna wa kuyabadilisha Nairobi. Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais. Uchaguzi mkuu uliofuata, 2022, tume ya uchaguzi, IEBC, ilizianika fomu za vituo zaidi ya 46,000 mtandaoni, watu wakajumlisha wenyewe majumbani. Wewe na wenzako hapo maskani mna simu nzuri kuliko yangu. Mkigawana vituo vya eneo bunge la Mvita, kila mmoja apige picha ya fomu ya mlangoni na ailinganishe na ya mtandaoni, hapo atakayetaka kupanga atapanga nini?

Mimi ughaibuni ninapewa kura ya rais peke yake. Ya gavana sina. Mama, wewe ndiye uliyesimama foleni mara mbili 2022, kura ya gavana wa Mombasa ilipoahirishwa mpaka 29 Agosti kwa kuchanganywa karatasi, na goti lako lile. Sijasahau.

Na ule mkutano wa maoni ya bajeti ulionisimulia, wa kutia saini na kupewa soda: usiache kwenda. Katiba, kifungu cha 196, yalilazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kabla ya 30 Aprili, basi yaulizieni mapema, wewe na shangazi, na muende na swali moja tu: maji ya mfereji yametengewa shilingi ngapi, na za mwaka jana zilikwenda wapi. Soda mnywe.

Mdogo wangu, usajili umefunguliwa tangu 29 Septemba katika ofisi za IEBC za maeneo bunge. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027, usingoje foleni ya dakika ya mwisho. Chukua kitambulisho, na umpitie binamu yetu wa Likoni muende pamoja. Ukishatoka huko nipigie, tuzungumze na ile habari ya ada ya chuo. Pesa za gesi na dawa za mama nimetuma kwenye simu ya shangazi.

Nisalimieni wote wa Majengo.

Mwanao, na kaka yako