Mhariri, turudishieni fidi ya RSS kwenye tovuti yenu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji niseme jambo ambalo wengi watadhani ni la mafundi wa kompyuta tu, ila ukiliangalia vizuri linamhusu kila anayesoma gazeti lako kwa simu. Tangu mbadilishe sura ya tovuti ile fidi ya RSS haipo tena, kisomaji changu, yaani programu inayonikusanyia habari za tovuti nilizochagua, kikienda kuichukua kinajibiwa haipatikani, na jina la gazeti lenu limebaki na alama ya hitilafu pembeni huku mengine yote yanaingia kama kawaida. Naomba irudi.

Kwa asiyeijua, fidi ni faili la maandishi matupu ambalo tovuti inalitengeneza yenyewe kila habari mpya ikipanda, ndani yake kuna kichwa cha habari, linki, tarehe na saa, na maelezo mafupi au habari nzima, basi. Kitu hiki kilianzia kampuni ya Netscape mwaka 1999 na hakijafa, podikasti nyingi mnazosikiliza mpaka leo zinawafikia kwa njia hiyohiyo, BBC Swahili wanayo, na tovuti nyingi zilizojengwa kwa programu ya WordPress zinayo hata mwenyewe asipojua, ongeza mkwaju (/) na neno feed mwisho wa anwani utaiona.

Zamani wengi tulisomea Google Reader. Ilikua nzuri sana ile, unafungua sehemu moja unakuta magazeti yako yote na blogu zako zote, alafu Machi 2013 Google wakatangaza wanaifunga na tarehe 1 Julai mwaka huohuo ikafungwa kweli, waliowahi kushusha orodha zao walihamia kwingine na wasiowahi wakaanza upya. Kwa hiyo mimi nasema kisomaji bora ni kile unachokiweka mwenyewe, kwako, kampuni ikiamua kufunga biashara haikuhusu.

Na si kazi ngumu kiasi hicho jamani. Mimi natumia FreshRSS, ni programu huria, hulipi kitu, na wapo wanaopenda Miniflux ambayo ni nyepesi zaidi. FreshRSS yangu imekaa kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, inakula wati chache tu kwa hiyo kwenye LUKU hata huisikii, ila laptopu ya zamani uliyoitupa kabatini inafaa vilevile ukiipiga mfumo wa Linux. Ukishaiweka unaiambia kila nusu saa izunguke tovuti ulizochagua iulize kuna kipya? Kama hakuna, seva ya tovuti, yaani kompyuta inayoihifadhi, ikiwa imepangwa vizuri inajibu kwa namba 304, yaani hakijabadilika kitu, na bando lililotumika hapo ni dogo mno. Kama kipo kinahifadhiwa nyumbani, apu ya kwenye simu inakichukua nikiwa kwenye wai-fai, alafu nasoma ndani ya daladala data ikiwa imezimwa.

Mambo mawili ya mazingira yetu niwaambie wanaotaka kujaribu. La kwanza umeme, ukikatika ghafla mara kwa mara unaweza kuua ile kadi ya kumbukumbu ya Raspberry Pi, kwa hiyo tafuta UPS ndogo, ile betri ya akiba, na kila baada ya muda shusha faili la OPML, ndo lenye orodha ya tovuti zako zote, liweke hata kwenye flashi. La pili mitandao ya simu mara nyingi haikupi anwani yako mwenyewe ya intaneti, mnachangia watu wengi anwani moja, sasa ukiwa nje huwezi kuipiga hodi seva yako, yaani ile kompyuta ya nyumbani, moja kwa moja. Programu ya Tailscale inatatua hilo, inaunganisha simu yako na seva yako kwa njia ya faragha, na huhitaji kumfungulia mlango mtu yeyote wa nje.

Kwanini nahangaika hivi wakati habari zimejaa kwenye mitandao ya kijamii? Kwa sababu kule sichagui mimi. Habari ya bei ya mbolea inazikwa chini ya ugomvi wa wasanii manake ugomvi ndo unaowafanya watu wakae, alafu kwenye magurupu ya WhatsApp inakuja picha ya ukurasa wa gazeti ambao hata hamjauchapa nyie na wazee wetu wanaamini. Kwenye kisomaji mpangilio ni saa tu, ya karibuni juu, ya zamani chini, na kila habari najua imetoka wapi. Jingine ni siri ya mtu. Mtu akisoma kila siku habari za ugonjwa fulani au za madeni, kwenye ile mitandao anafuatwa na matangazo ya dawa na mikopo, ila kwa namna hii orodha ya ninayofuatilia inakaa kwangu, nyie mnachoona ni mashine imekuja kuchukua faili ikaondoka.

Najua mnaishi kwa matangazo na sisemi mtoe habari nzima bure. Wekeni kichwa na sentensi mbili za mwanzo inatosha kabisa, nikivutiwa nabonyeza nakuja kwenu, na msomaji anayekuja hivyo amekuja kwa hiari yake hajaletwa na mtu. Mkiweza tenganisheni, michezo kivyake, mikoani kivyake, maana sisi wa mikoani habari zetu zinapita haraka sana kwenye ukurasa wa mbele, na kuna msomaji yuko Muscat au Minnesota anataka za mkoa wake tu.

Fundi wenu aangalie pia kile kinga ya kuzuia roboti, kwenye tovuti nyingi sa hivi inafukuza visomaji ikidhani ni wezi, anwani ya fidi iachwe nje ya hiyo kinga. Na kama inawezekana anwani iwe ileile ya zamani, msibuni mpya, kwa sababu visomaji vya watu bado vinabisha hodi pale kila siku na mkifungua tu habari zitaanza kuingia zenyewe bila mtu kubonyeza kitu.

Ni mimi msomaji wenu,
Morogoro